Neno Refu la Kumficha Mjukuu

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, ile nyembamba isiyojua kuacha. Pamba inaoza shambani, na mnyapara wa pamba akipita atasema sisi ni wavivu. Aseme. Leo sina nguvu ya kugombana na mtu wa serikali.

Mtoto bado anapumua. Naandika hilo kwanza.

Nimekaa jikoni, kijumba cha nyuma, moshi unaniingia machoni, daftari nimeliweka juu ya kinu nilichokipindua. Mwandiko wangu mbaya, najua. Nilifundishwa kuandika nikiwa na mvi tayari, darasa la akina mama kule misioni ya Waingereza, na sikumaliza. Anayetaka kuucheka mwandiko wangu aje kwanza anitwangie sombe, majani ya muhogo.

Mwamini ni binti yangu. Kabla ya huyu amezaa watoto watatu, na wote watatu wamelala nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Wa kwanza alifika hata kutembea, akajua kuomba maji. Wawili waliomfuata hawakukaa kuonyesha meno. Mume wake yuko machimboni, anarudi siku wanapomruhusu, na kila akirudi anatukuta tumepungua. Haulizi tena. Anaweka mzigo chini, anaangalia migomba, anakaa.

Huyu wa nne alipozaliwa nikasema: safari hii jina natoa mimi, na atakayebisha atoke nyumbani kwangu.

Kwetu mtoto anayefuata waliokufa hapewi jina zuri. Anaitwa Jalala, anaitwa Wanini, anaitwa Hatakiwi, ili walio chini, wale wanaowaita watoto wetu mmoja mmoja, wasikie jina hilo na kudhani ni kitu cha kutupa. Mtoto wa pili wa Mwamini tulimwita Jalala. Wa tatu, Wanini. Wamekwenda wote wawili. Wafu wetu si wajinga. Walikuwa watu kama sisi, wanajua kusema kinyume, walitoa majina hayo hayo kwa watoto wao.

Nikakaa nikafikiri. Nikaona uzuri na ubaya wa jina hausaidii kitu. Shida ni kwamba wanaweza kulitaja.

Jina la Kibangubangu wanalitaja, ni lugha yao. La Kizimba pia, wengi walioa huko. Kiswahili usiseme, nusu ya makaburi ya Kasongo yamejaa watu waliokufa wakisema Kiswahili tangu enzi za Waarabu. Nikafikiri Kifaransa. Lakini makarani wetu wamekufa na Kifaransa chao, askari pia, wapishi wa wazungu pia. Chini huko Kifaransa kimeshafika.

Kiingereza je? Hapa kwetu nani amekufa anajua Kiingereza?

Na tena nilikumbuka kitu. Darasani kule misioni, Misi, yule mwalimu wetu, aliandika herufi zote ubaoni, halafu mbili akazizungushia duara: Q na X. Akasema, akina mama, hizi msihangaike nazo, kwenye Kiswahili hazina kazi. Mimi nilizihurumia siku ile, herufi zimekaa bila kazi kama wageni ambao hakuna aliyewatolea kiti. Sasa nikaona ndizo ninazozitaka. Neno la Kiingereza, refu, lenye Q na X ndani. Huko chini watalishika wapi?

Nilikwenda misioni na mtoto akiwa bado hajatolewa nje. Misi nilimwambia nataka jina la Kiingereza la mjukuu, liwe refu, liwe na zile herufi mbili. Sababu sikumwambia. Kwani yeye ananieleza kila jambo lake? Lakini alifurahi, nilimwona. Miaka yote yuko hapa, sisi tunamwuliza dawa, chumvi, sabuni, hajawahi kutokea mtu wa kumwuliza maneno ya kwao. Akaleta kitabu kizito cha maneno, akavaa miwani, tukakaa barazani tukichambua maharagwe yake huku akitafuta.

Hayakuwa mengi. La kwanza, *exquisite*. Akasema maana yake ni kitu kizuri kupita kiasi, kilichotengenezwa kwa mkono wa fundi. Nikakataa. Mimi namficha mtoto, nitangaze tena kwamba hapa iko kitu kizuri?

Akatafuta. *Exchequer*. Hazina ya mfalme wao, mahali kodi ya nchi inapolala. Nikasema ilale huko huko.

*Equinox*. Siku ambayo mchana na usiku vinalingana urefu. Huko kwao, alisema, siku hiyo huja mara chache, watu huingoja. Nikamwambia Misi, hapa kila siku iko hivyo, na hakuna anayeingoja. Alicheka mpaka akavua miwani.

Halafu akafikia neno moja, akaanza kulisoma, akaliziba na kidole gumba. Nikamwuliza, hilo je. Akasema, hapana, Mama Mwamini, hilo si la mtoto. Nikasema nataka kujua. Ni *exequies*, akasema, ni mambo yanayofanywa siku ya maziko. Herufi zote mbili zilikuwemo, zimekaa vizuri kabisa, kama ndipo kwao.

Basi nikasema Q tuiache, X peke yake inatosha, ila neno liwe refu sana. Ndipo akalipata.

*Inexhaustible*.

Nilihesabu herufi zake kwa vidole, mikono ikaisha, nikaendelea miguuni. Misi akaeleza: kitu kisichokwisha. Kama chemchemi, unachota asubuhi, unachota jioni, kipo tu. Nikalishika hapo hapo. Watoto wa Mwamini wanakwisha. Huyu ni wa kutokwisha. Na hata kama maana yake ingekuwa sufuria, ningelichukua kwa namna lilivyokuwa gumu. Misi alipolitaja, katikati ilitoka sauti kama ya kukwaruza ukoko. Na H iliandikwa halafu haikusemwa. Nikamwuliza H inafanya nini mle. Akasema, imekaa tu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalitafuna.

Siku ya kumtoa mtoto nje nililitangaza mbele ya watu. Zaina, dada ya mkwe wangu, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akasema:

"Mama mukwe, hii ni jina ao ni treni ya Kindu? Mutu atamaliza kuita, mutoto ashaoa."

Watu wakacheka. Nikamwambia aoe, ndivyo ninavyotaka, afike huko.

Mwamini hakucheka. Alijaribu usiku na mchana, lazima niseme kweli. Alikuwa anakaa na mtoto mapajani, anaanza, "Ine... inekisi..." na ulimi unamganda.

"Mi siwezi, mama. Ulimi inakataa."

"Ulimi yako iko na uvivu," nilimwambia. "Mbona mimi naweza?"

Nilipiga marufuku jina lingine lolote. Si la utani, si la mapenzi, si la kifupi. Kifupi ndicho kinachosikika chini. Zaina alimwita Ine siku moja, nilimrushia mwiko. Basi nyumba nzima ikawa inasema huyu, yule mudogo, ule mwenye analia. Mtoto alikua hivyo. Alijifunza kukaa, alijifunza kushika kidole, ana cheko la babu yake, bila mtu kumwita. Mimi mwenyewe nilikuwa nalitaja lile neno wageni wanapokuja. Wanauliza, anaitwa nani, nami nasimama wima nalisema lote, wanashangaa. Wakiondoka, nami nasema huyu.

Sikuona ubaya. Nilikuwa nahesabu kila mwezi anaopita nao kama ushindi wangu.

Homa ilianza mwanzoni mwa wiki hii. Tunazijua homa, tulimkanda, tulimpa majani, tulimfunika. Jana asubuhi, jua limeshatoka, akashikwa na degedege. Mwili ukakakamaa, macho yakapanda juu yakabaki huko, kwenye paa.

Wanawake walikuja mbio kutoka mashambani, na majembe yao. Hapa kwetu kila mwanamke anajua cha kufanya. Mtoto akielekea kule, aliyemzaa anainama, anamwita kwa jina sikioni, na wengine wanapokea jina, mmoja mlangoni, mmoja njiani, ili huko alikofika asikie anaitwa nyuma yake na ageuke. Nimewaona waliogeuka. Mimi mwenyewe niliitwa hivyo nikiwa mdogo, mama yangu alinisimulia, na nimefika hapa.

Mwamini akainama. Akafungua kinywa.

"Ine..."

Akaanza tena.

"Inesi..."

Mwanamke wa mlangoni alikuwa amegeuka kusikiliza, anangoja jina alipokee. Wa njiani anangoja. Hakuna kilichotoka. Mwamini akaniangalia mimi. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu niliyemzaa.

Zaina akasema, bila dhihaka sasa, "Mama mukwe, uitaje weye. Ni weye unaijua."

Nikapiga magoti nikalitaja. Nililitaja vizuri, na X yake ndani. Nikalitaja tena na tena. Macho ya mtoto yalibaki kwenye paa. Ningekuwa nataja bei ya chumvi ingekuwa sawa tu. Wale wanawake hawakuweza kulipokea. Nilikuwa naita peke yangu, na nyuma yangu kimya.

Degedege likaachia lenyewe. Lakini macho hayakushuka.

Nikachukua kitenge nikatoka. Sikuaga. Nilikata kupitia mashamba ya pamba mpaka misioni, nimelowa umande mpaka magotini, na huko nikamkuta Misi anasimamia wajenzi wa choo. Mimi si mtu wa kuomba. Nilisimama mbele yake nikasema, njoo umwite mtoto. Hakuelewa. Nikamweleza yote, palepale, mafundi wakisikiliza: makaburi, Jalala, Wanini, herufi zisizo na kazi, kila kitu.

Aliwaashiria mafundi waendelee na kazi.

"Ungeniambia, Mama Mwamini."

"Ungekataa."

"Ndiyo," akasema. "Ningekataa."

Muuguzi wao alikuwa amekwenda Kasongo, kwa hiyo Misi alichukua mwenyewe chupa ya kinini, ile dawa ya homa, na baiskeli, akanipakia nyuma, mwanamke mzee kama mimi. Njiani alinionyesha karatasi ya chupa. Jina la dawa yenyewe, kwa Kiingereza chao, linaanza na Q.

Tulifika, akaisaga, akamnywesha na asali kidogo kidogo. Nyingine ilirudi. Kisha nikamwambia, sasa mwite. Wewe unalijua neno lako.

Akainama karibu na mkeka akaita. Lilitoka kinywani mwake kama maji, halikukwaruza popote, H imekaa kimya mahali pake. Aliita kwa upole, siwezi kumlaumu. Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni wanasikiliza Kiingereza.

Mtoto hakugeuka.

Misi aliita tena, halafu akaacha. Akamwangalia Mwamini.

"Wewe unamwita nani, ukiwa peke yako naye?"

Nikasema mimi, hamwiti kitu, nilikataza. Misi hakuniangalia. Alimngoja Mwamini. Na Mwamini akainama, nywele zake zikaligusa sikio la mtoto, akasema kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyezoea:

"Sadi. Sadi, njoo baba."

Macho yakashuka. Polepole, kutoka paani, yakamtafuta mama yake, yakamkuta.

Hakuna aliyeshangilia. Sadi ni jina la mtoto wake wa kwanza, yule aliyejua kuomba maji. Yuko kwenye migomba. Zaina alitoka nje. Yule mwanamke wa mlangoni, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea jina, aliweka mkono kinywani.

Nilimshika Mwamini bega nikampeleka huku jikoni, hapa hapa ninapoandika. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia amekwenda kumwonyesha mdogo njia ya mkubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Mama, nilikuwa nanyonyesha nani? Mutu haiko na jina, unamunyonyesha namna gani?"

"Nilikupa jina."

"Ile iko jina ya kuonyesha wageni. Haiko ya kubeba mutoto."

"Na majina yote ya dunia, ukaona hilo?"

"Sikuichagula," akasema. "Ni hiyo ilikuwa mu kinywa."

Akarudi ndani. Nimezoea neno la mwisho liwe langu nyumbani humu.

Misi alikesha nasi, akaondoka asubuhi hii na mvua yake. Ameacha kinini. Hakusema atapona. Ameishi hapa muda mrefu, ameshaacha kusema maneno ya hivyo.

Homa imerudi kabla ya chakula cha mchana. Kinini anakitapika. Macho yanapanda, na kila yanapopanda iko kitu kimoja tu kinachoyashusha, nacho sote tunakijua. Lile neno langu refu hakuna anayelikumbuka. Hata mimi nimelijaribu mara moja, wakati Mwamini ametoka kuchota maji, nikasema labda bado. Nilijisikia kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Najua tunachofanya. Tukimwita Sadi, iko mwingine anayelisikia jina hilo, na yule ndiye mwenyewe. Yuko hatua chache kutoka ukutani. Kama wanasikia chini, na mimi naamini wanasikia, Misi aseme atakavyosema, basi anajua tunaita. Tusipoita, huyu anakwenda. Tukiita, tunamwita pamoja na yule, na sijui nani atamfuata nani.

Nimetafuta siku nzima mlango wa tatu. Hakuna. Mimi ambaye kila mtu kijijini anakuja kuniuliza jambo, leo nimetafuta nimekosa.

Basi tunaita. Mwamini anaanza, mimi napokea mlangoni, na Zaina amerudi, hakuna aliyemtuma, anapokea njiani kwenye mvua na sauti yake ile kubwa ambayo miaka yote nilimwambia aipunguze. Leo sikumwambia.

Nimeingia jikoni kupasha maji tu, nikaandika haya yakichemka. Maji yameshachemka zamani.

Macho bado yanageuka. Lakini nimeyaangalia vizuri, mimi ndiye niliyemshika mara ya mwisho. Tunapoita, yanachelewa. Asubuhi yalichelewa kidogo, sasa yanachelewa zaidi, kama mtu aliyesikia jina lakini anamngoja mwenzake aitike kwanza.

Mwamini sauti imemkauka. Ananiita nikamshike mtoto.